Imebaki wiki 6 waranti ya kiwanda iishe: ninunue ya nyongeza au niache?

BintiMzee

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Naomba mnisaidie kufikiri, nina siku chache za kuamua.

Gari langu nililinunua jipya. Waranti ya kiwanda ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia. Kilomita bado zipo, odometa inasoma 71,400, lakini miaka 3 inatimia baada ya wiki 6. Juzi walioniuzia gari wamenipigia wakitaka ninunue waranti ya nyongeza ya miaka mingine 3. Bei yake ni kama mshahara wangu wa mwezi mmoja na nusu. Kijana wa mauzo akasema nisihofu, wataiingiza kwenye mkopo wa gari na wala sitausikia uzito wake. Nikamuuliza inalipia nini. Akajibu, "Kila kitu dada, kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma."

Nikaomba mkataba wenyewe. Akanitumia kipeperushi cha kurasa 2. Nikaomba tena, ndipo ukaja wenye kurasa 31. Nimefika ya 8 na macho yananiuma.

Niwaambie kwa nini nina hofu. Gari langu la kwanza giaboksi ilikufa mwezi wa pili baada ya waranti kuisha. Ilianza kwa kuchelewa kushika gia ya 2, halafu siku hiyo nikawa nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Baba yangu alikuwa amekaa nyuma. Anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, na tulipofika hatimaye mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Gari lile lilikaa gereji miezi 4 kwa sababu hela ya giaboksi sikuwa nayo. Sitaki yale yanirudie.

Kwa hiyo siulizi kama waranti ya nyongeza ni nzuri kwa watu wote. Nauliza kwa mtu kama mimi, ambaye gari likilala kuna mtu anaumia.

MpokeaMagari

Dada, pole kwa kuuguza, na mzee Mungu amtie nguvu.

Nimekaa miaka 11 kwenye dawati la kupokea magari gereji, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupiga simu kampuni za waranti kuomba kibali cha kutengeneza. Nimeona wengi wakisaidiwa. Nimeona wengi pia wakirudi nyumbani na karatasi. Tofauti kati yao mara nyingi ilikuwa kwenye kurasa ambazo hujazifikia.

Nikupe mfano ambao sijausahau. Mama mmoja alileta gari injini ikiwa imechemka. Tukakuta mpira wa maji wa juu, ule unaotoka kwenye rejeta, umepasuka. Niliushika mkononi: ufa mwembamba kama ukucha, pale pale klempu inapobana, na pembeni yake unga mweupe wa kulanti (maji ya kupoza injini) iliyokauka. Kifaa cha bei ndogo kabisa. Lakini maji yaliisha, joto likapanda, silinda hedi, ile sehemu ya juu inayofunika injini, ikapinda. Silinda hedi ilikuwa kwenye orodha ya vinavyolipiwa, tena kwa jina. Kampuni ikakataa. Mpira haulipiwi kwa kuwa ni kitu cha kuchakaa, na mkataba ulisema kifaa kinacholipiwa kikiharibiwa na kisicholipiwa, hasara ni ya mwenye gari. Wakaongeza na la pili, kwamba aliendelea kuendesha mshale wa joto ukiwa juu. Mama yule alisimama mbele yangu na mkataba wake, ameukunja ule ukurasa wenye neno silinda hedi. Nilishindwa hata kumtazama.

Kwa hiyo usisome kwanza wanacholipia. Anza na wasicholipia, na sababu za kukataa.

Mikataba hii iko ya namna mbili. Mmoja unaorodhesha vinavyolipiwa, na chochote kisichotajwa ni chako. Mwingine unaorodhesha visivyolipiwa, na kilichobaki ni chao. Huu wa pili kwa kawaida ni mpana zaidi, na ndio wauzaji wanaouita "kila kitu". Lakini hata huo utakuta umeacha nje brekipedi, diski, klachi, tairi, waipa, balbu, betri ndogo, mikanda na mipira.

Halafu kuna suala la kibali. Fundi akifungua injini kabla kampuni haijakubali, dai limekufa. Na wakisema ifunguliwe ili waone, wakakuta chanzo hakilipiwi, gharama ya kufungua na kufunga ni yako. Wengi hili hawalijui mpaka gari liko juu ya jeki, injini iko chini vipande vipande.

Angalia pia jina lililo chini ya mkataba. Ni mtengenezaji wa gari, ni muuzaji, au ni kampuni ya tatu ambayo hujawahi kuisikia? Aliyekuuzia si lazima awe ndiye atakayelipa. Kampuni ya tatu ikifilisika, kama hakuna bima nyuma yake, umebaki na karatasi.

Witiri

Mimi nanunua, na nitanunua tena. Naeleza yaliyonipata.

Gari langu lina giaboksi ya klachi mbili. Mwezi wa 14 wa waranti ya nyongeza, asubuhi moja taa ya gia ikaanza kuwakawaka na rivasi ikagoma. Nikatoka mbele kwa mbele, nikagundua linapokea gia ya 1, ya 3 na ya 5 tu. Zile za shufwa zote zimepotea. Kwenye giaboksi nyingi za aina hii klachi moja inashika gia za witiri na nyingine za shufwa pamoja na rivasi, kwa hiyo fundi alijua pa kutazama kabla hata hajachomeka mashine ya kupima. Ilikuwa kompyuta ya giaboksi yenyewe. Bei yake ilizidi mara 3 ile niliyolipia waranti. Mimi nilitoa mchango wangu tu, kile kiasi ambacho mwenye gari hujilipia kwa kila dai.

Ila msidhani ilikuwa rahisi. Kampuni ilituma mkaguzi. Akapiga picha odometa, akaomba risiti za sevisi zote, akasoma tarehe na kilomita moja baada ya nyingine. Nilikuwa nazo 6 kwenye faili, na ya giaboksi oili ikiwemo. Bila zile nisingepata kitu. Na jambo hili linamhusu sana BintiMzee: matengenezo yalichukua siku 9, wakati mkataba wangu ulinipa gari la kukodi siku 5. Siku 4 nilijitegemea. Muulize muuzaji siku ngapi, na zinaanza kuhesabiwa siku gari linapofika gereji au siku kibali kinapotoka.

Kibubu

Naheshimu aliyeokolewa, lakini hesabu ya wengi haiko hivyo. Kampuni inakusanya kwa wote, inalipa madai, inalipa kamisheni ya muuzaji, na bado inabaki na faida. Maana yake, ukiwachukua wote pamoja, wanaweka zaidi ya wanachopata. Na ikiingizwa kwenye mkopo, dada, utailipia riba. Unaweza kuwa bado unalipa rejesho la waranti iliyokwisha muda.

Mimi nilifungua akaunti ya gari pekee. Kila mwezi naweka kiasi kile kile ambacho ningelipa kampuni. Mwaka wa 4 huu, nimetoa mara 2: alteneta na beringi ya gurudumu la nyuma. Kilichobaki ni changu, hakuna mkaguzi wala ukurasa wa 31.

Witiri

Kibubu, ingekuwaje kama giaboksi ingekufa mwezi wa 3? Ungekuwa na akiba ya miezi 3.

Kibubu

Ni kweli, na sina jibu zuri kwa hilo. Ndiyo maana nilianza kuweka tangu gari likiwa bado chini ya waranti ya kiwanda. Kwa mtu anayeanza leo na wiki 6 mkononi, njia yangu ina pengo kubwa mwanzoni. Nakubali.

MpokeaMagari

Hapo mmegusa penyewe. Waranti inafaa pale pigo moja linapoweza kukuangusha. Mwenye uwezo wa kubeba pigo la giaboksi kesho asubuhi, anunue ya nini? Asiyeweza, basi anunue ya kukinga pigo hilo, si ya kukinga redio na vioo vya umeme.

Halafu dada, kuna kitu hujakitaja na ndicho kitakachokusaidia zaidi kuliko vyote. Waranti ya kiwanda bado ipo hai! Usisubiri iishe. Peleka gari wiki hii, omba likaguliwe lote likiwa juu ya lifti, na taja kila mlio, kila unyevu, kila mtikisiko unaoujua. Hakikisha yote yameandikwa kwenye karatasi ya kupokelea gari, yenye tarehe na kilomita. Tatizo lililoripotiwa ndani ya muda una haki ya kulidai hata kama spea itachelewa kufika. Likiripotiwa siku moja baada ya muda, unaanza kuomba huruma.

Kagua pia una nini tayari. Injini na giaboksi mara nyingi zina waranti ndefu kuliko sehemu nyingine. Kama ni haibridi, betri kubwa huwa na waranti yake peke yake, na miaka 8 au kilomita 160,000 ni kiwango cha kawaida. Usilipie mara mbili.

Mdau_Mpya

Naongeza moja tu. Kuna simu zinapigwa na watu wanaojifanya wametoka kwa mtengenezaji, wanasema waranti yako inaisha leo, taja namba ya kadi ya benki. Marekani zilizidi mpaka mwaka 2022 tume ya mawasiliano, FCC, ikaziamuru kampuni za simu zizizuie. Mkataba wa kweli hauishi leo saa 11 jioni. Anayekunyima siku ya kusoma, kata simu.

BintiMzee

Nimerudi. Asanteni sana, nimesoma mkataba wote kwa siku 3 na penseli mkononi.

Ukurasa wa 19: sevisi kila kilomita 10,000 au miezi 12, ukichelewa usizidi kilomita 1,000. Mimi mwaka jana nilichelewa kwa 2,300, baba alikuwa amelazwa na sikukumbuka kabisa. Ukurasa wa 22: jumla ya madai yote haitazidi thamani ya gari siku lilipoharibika. Ukurasa wa 24: sili na gasketi hulipiwa pale tu zinapobadilishwa kwa ajili ya kifaa kingine kinacholipiwa. Yaani sili ikivuja yenyewe ni yangu. Ukurasa wa 27: naweza kufuta ndani ya siku 30 nikarudishiwa zote, na baada ya hapo ni kwa hesabu ya muda uliobaki kutoa ada yao. Hilo la mwisho kijana hakunitajia.

Swali: huku kuchelewa sevisi moja kumeshaniharibia?

Halafu sevisi 2 nilifanya kwa fundi wangu wa mtaani. Hiyo nayo ni kosa?

MpokeaMagari

La fundi wa nje: inategemea sheria ya mahali ulipo na mkataba wenyewe. Marekani, kwa mfano, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufuta waranti yake kwa sababu tu sevisi ilifanyika kwingine. Lakini hata pale ilipo sheria ya namna hiyo, lazima uoneshe kazi ilifanyika. Mwombe fundi wako risiti yenye kilomita, aina ya oili na namba ya filta.

La kuchelewa: waandikie barua pepe, waeleze wazi kilomita 2,300, waulize kama wanaikubali rekodi yako ilivyo. Maneno ya simu hayana thamani siku ya dai. Wakikubali kwa maandishi, vizuri. Wakizungukazunguka, umeshapata jibu.

BintiMzee

Wakuu, narudisha majibu kama nilivyoahidi.

Gari lilipandishwa lifti Jumanne na niliomba nisimame chini yake nione. Kwenye pampu ya maji, chini ya puli, kulikuwa na michirizi ya rangi ya waridi iliyokauka. Fundi akaipitisha kidole, ikatoka kama chaki. Na sili ya ekseli upande wa kushoto, pale inapoingia giaboksi, ilikuwa na unyevu wa oili uliokusanya vumbi. Mimi juu sikuwahi kuona tone sakafuni. Vyote viwili vimebadilishwa kwa waranti ya kiwanda, zikiwa zimebaki siku 23. Nikifikiria ule mpira wa maji wa MpokeaMagari, mwili unasisimka.

Barua pepe niliwaandikia wale wauzaji. Kuhusu sevisi niliyochelewa wakajibu kwamba "itaangaliwa wakati wa dai". Nimekataa mkataba wao.

Nikaandika kwa mtengenezaji mwenyewe. Wana waranti ya nyongeza ya injini na giaboksi tu, miaka 2, bei ni kama theluthi ya ile ya kwanza. Waliomba risiti zangu zote, na zile 2 za fundi wangu wa mtaani zikiwemo, wakajibu kwa barua kwamba rekodi imekubaliwa pamoja na ule ucheleweshaji. Gari la kukodi ni siku 10, kuanzia siku gari linapopokelewa. Nimelipa taslimu, sikuigusa habari ya mkopo. Na akaunti ya Kibubu nimeifungua, naweka kila tarehe 28.

Barua ya mtengenezaji nimeichapa, ipo ndani ya dashibodi pamoja na risiti. Kesho ni zamu ya baba, tunatoka saa 11 alfajiri.