Maji yaleyale yaliitwa "mafuriko" ili nisilipwe: kampuni za bima zitahojiwa lini?

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Miezi kumi na nne imepita tangu maji yaingie kwenye depo yangu ya unga katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, na mpaka leo sijapokea hata franka moja kutoka kwa kampuni ya bima ambayo nimeilipa mwaka baada ya mwaka bila kuchelewa. Jina lake silitaji, kwa kuwa ninayoyalalamikia hayaishii kwa kampuni moja.

Usiku ule mvua ilianza kama saa mbili. Ilipofika saa sita, mfereji wa avenyu yetu, ambao siku zote umejaa tope na mifuko ya plastiki, ulishindwa kupitisha maji, nayo yakapenya chini ya mlango wa chuma. Asubuhi nilikuta safu tatu za chini za mifuko ya kilo 25 zimelowa zote. Baadhi ya mifuko ilikuwa imegeuka madonge magumu kama simenti, mingine imeanza kuchacha, na ukutani tope lilikuwa limechora mstari ulionyooka ambao niliupima kwa mita ya fundi: sentimeta 62 kutoka sakafuni. Nilimwita shefu wa avenyu aje ashuhudie kwa macho yake, nikapiga picha, na siku hiyohiyo nikapeleka tangazo la hasara ofisini kwao, wakaligonga muhuri.

Mtaalamu wao wa kukadiria hasara alikuja baada ya siku 23. Siku hizo zote nilikuwa nimeagizwa nisiguse chochote, kwa hiyo majirani walivumilia harufu na panya kwa ajili ya ushahidi ambao hakuna aliyekuwa na haraka ya kuutazama. Alichoma mfuko mmoja kwa ncha ya kalamu, akapiga picha nne kwa simu, kisha akaniuliza: "Papa, maji haya yalitoka mferejini au yalitoka mtoni?" Nikamjibu kwamba yalitoka juu, ni mvua. Nilidhani tunazungumza tu.

Kumbe swali hilo ndilo lililokuwa kesi yenyewe. Baada ya miezi saba nilipata barua ya mistari sita inayosema kwamba mkataba wangu unafidia uharibifu unaoletwa na maji lakini haufidii mafuriko, na kwamba maji yaliyoingia kwangu yalikuwa ya mto Naviundu. Nani aliyapima? Nani aliyafuata usiku ule tangu mtoni hadi mlangoni kwangu? Nilipoomba nakala ya ripoti ya mtaalamu, nikaambiwa kwamba ni mali ya kampuni. Na yule ajenti aliyeniuzia mkataba, ambaye aliniambia, "Papa, moto, wizi, maji, vyote vimo, lala usingizi," hapokei tena simu zangu.

Kilichonisukuma kuandika ni kwamba mchezo huu si mgeni, na kuna mahali ambapo wakubwa wa bima wameitwa mbele ya wabunge kuueleza. Mwaka 2022 Australia ilipigwa na mafuriko mara kwa mara, kuanzia Queensland na New South Wales, ambako mji wa Lismore ulishuhudia mto ukipanda zaidi ya mita 14. Watu walipochoka kusubiri malipo, wengine wakiwa wanalala katika nyumba za magurudumu, kamati ya Bunge ilianza uchunguzi mwaka 2023, ikasikiliza wakazi wa miji iliyoathirika, ikawahoji wakuu wa kampuni, na mwezi Oktoba 2024 ikatoa mapendekezo 86. Malalamiko yaliyofika mbele yake ningeweza kuyatia sahihi mimi: ucheleweshaji, wataalamu ambao ripoti zao haziaminiki au hazionyeshwi, na ubishi juu ya maji gani yalitangulia, ya mvua yanayotiririka ardhini au ya mto uliovunja kingo. Tena ubishi huo ulikuwepo ingawa nchi nzima ilikuwa tayari na tafsiri moja ya kisheria ya neno mafuriko tangu mwaka 2012. Kule Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, watu walibishana na kampuni zao kama nyumba iliangushwa na upepo au na maji. Nyumba imelala chini, lakini mwenyewe anadaiwa aeleze ilianguka kwa mkono wa nani!

Sisi huku Kongo tulivunja ukiritimba wa bima wa kampuni moja ya serikali kwa sheria ya tarehe 17 Machi 2015, tukapewa mamlaka ya kudhibiti bima, ARCA, na soko likafunguliwa kwa kampuni binafsi. Ibara ya 138 ya Katiba inawapa wabunge uwezo wa kuuliza maswali, kuhoji na kuunda tume ya uchunguzi. Polisi wa barabarani hasahau kamwe kuniuliza karatasi ya asiransi ya gari. Basi na kampuni nazo ziulizwe, hadharani, zimepokea matangazo mangapi ya hasara za maji tangu soko lifunguliwe, zimelipa mangapi, zimekataa mangapi na kwa kipengele kipi, na kwa wastani mteja amesubiri siku ngapi. Hesabu hizo zimo ndani ya mafaili yao. Nataka pia mteja apewe ripoti ya mtaalamu siku ileile kampuni inapoipata, na neno mafuriko lielezwe kwa lugha ambayo mwenye depo anaielewa kabla hajatoa pesa.

Ninaandaa barua kwa wabunge waliochaguliwa Lubumbashi. Mwenye barua ya kukataliwa aandike hapa tarehe maji yalipoingia, tarehe mtaalamu alipofika, tarehe ya jibu na kipengele kilichotajwa. Jina la kampuni aliache kwanza. Kwangu ni kipengele kidogo cha ukurasa wa kumi na moja, kwa herufi ambazo mke wangu alinisomea kwa miwani yake.