RE: Mume wangu amepata kiharusi, hasemi. Nani anaamua hospitalini?

Dada, pole sana, Mungu amjalie mgonjwa wetu nafuu. Shikamooni wakubwa mnaosoma.

Daktari aliyekwambia kwamba wewe kama mke huna neno la mwisho hakukudharau. England na Wales tunafuata Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005. Mtu mzima akishindwa kujiamulia, wanaomtibu ndio wanaoamua, kwa kuangalia lipi lina manufaa kwake. Wewe na watoto mnapaswa kuulizwa angekuwa mzima angetaka nini, kwa hiyo semeni, msinyamaze. Lakini mke, kifungua mimba au ba'mkubwa hapati mamlaka kwa udugu peke yake.

Sisi tumezoea ukoo ukae, mkubwa aseme. Nimeshuhudia kikao cha namna hiyo kwenye korido ya wodi ya wagonjwa mahututi: simu iko kwenye spika, Tanga wanataka mashine ya kupumulia iendelee, Mombasa wanasema mzee aachwe apumzike, nesi kasimama mlangoni. Ukoo ulikaribia kuvunjika kwa jambo ambalo mzee angeweza kulimaliza kwa kalamu akiwa na afya yake.

Kalamu yenyewe ni fomu ya LPA (Lasting Power of Attorney, hati ya kumteua mtu akuamulie usipoweza mwenyewe) ya afya na matunzo. Ya mali na fedha ni nyingine. Wengi wetu tunajaza hiyo tukidhani yote yamo. Unamteua mwakilishi aliyetimiza miaka 18, na wa akiba ukipenda. Anaweza kuwa hata Dar, ila karatasi halisi lazima imfikie aisaini kwa wino, na mimi ningemchagua anayeweza kufika wodini usiku. Tena awe na ubavu wa kumwambia shangazi hapana.

Sehemu ya 5 ndiyo nzito: je, mwakilishi aamue kuhusu matibabu ya kuokoa uhai, au wabaki nayo madaktari? Isomeni pamoja mezani, msiiache kwa mtoto anayejua kompyuta. Kisha zingatieni mfuatano wa saini: mwenye fomu, halafu mthibitishaji (mtu asiye ndugu aliyekufahamu vizuri angalau miaka 2, au mtaalamu kama daktari), ndipo wawakilishi. Ukivurugika, fomu inaweza kurudishwa. Inasajiliwa Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosimamia hati hizi, na inachukua wiki kadhaa, kwa hiyo si kazi ya siku ya kulazwa. Mwenye kipato chini ya pauni 12,000 kwa mwaka kabla ya kodi anaweza kuomba alipe nusu ya ada.

Sasa kwako wewe, dada: kutosema si kutoelewa. Sheria inataka asaidiwe kwa kila njia kutoa uamuzi wake, hata kwa kubana mkono au kupepesa jicho. Omba mtaalamu wa usemi ampime kabla hamjakubali kwamba hawezi. Akionekana anaelewa, fomu bado inawezekana. Mtu mwingine anaweza kusaini kwa niaba yake, naye akiwepo, mbele ya mashahidi wawili.

Kaka yenu, Leicester

---

Asante kaka. Sisi wa Glasgow je? Na mtu akifariki, mwakilishi ndiye anayeamua azikwe wapi?

---

Scotland mna sheria yenu ya mwaka 2000 na fomu zenu, msitumie hizi zetu.

La mazishi, hapana. Mamlaka ya LPA yanakoma pale pale mtu anapokata roho. Huku England anayeshika usukani wa mazishi ni msimamizi aliyetajwa kwenye wosia. Anayetaka kurudishwa nyumbani, au anayetaka azikwe haraka kwa taratibu za dini yake, aandike wosia, amtaje msimamizi, na amweleze huyo mtu kwa mdomo pia. Akiweza kumteua yule yule wa LPA, ndugu watakuwa na mtu mmoja wa kumpigia.