Wikiendi ya wawili milimani Uluguru, tukitokea Dodoma

Wakuu habari. Mimi na mke wangu tunataka usiku mbili kwenye gesti ya mlimani, chai ya asubuhi iwe ndani ya bei. Hatuna gari. Tupange vipi?

Jibu 1
Pandeni treni ya SGR Ijumaa jioni mpaka Morogoro. Kata tiketi mapema, za wikiendi huisha haraka, na jina lilingane na kitambulisho. Stesheni iko Kihonda, mbali na mlima, kwa hiyo mwambieni mwenye gesti awatafutie bajaji au teksi kabla hamjafika. Usiku bodaboda wengi hawapendi kupandisha.

Jibu 2
Kabla ya kutuma hela, uliza maji ya moto yanatoka wapi. Kama ni hita ya umeme, umeme ukikatika mtaoga ya baridi, na kule juu baridi si ya Dodoma. Kama wanachemsha kwa kuni, agizeni ndoo mapema. Uliza pia blanketi ni mangapi.

Jibu 3
Jumamosi pandeni Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Anzeni saa 1 asubuhi. Baadaye ukungu hufunika na mji hauonekani tena. Maji lita 2 kila mtu, mwongozaji mpatane bei kabla. Kaka, viatu vya shemeji viwe na meno: ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na kuanguka hutokea wakati wa kushuka. Machi hadi Mei msiende.