Kodi ya chakula cha sherehe: sato hatozwi sokoni, sahani inatozwa yote

Mtoa hoja, mpishi wa sherehe, Ilemela

Ndugu zangu wa Mwanza, hoja yangu ni kwamba Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi tunaiita VAT, inamwonea mpishi anayepeleka chakula kamili ukumbini na kumpendelea yule anayeuza ufundi wake tu, ingawa wageni wanakula chakula kilekile.

Sheria ya VAT ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, imesamehe vyakula ambavyo havijasindikwa, wakiwemo sato na sangara wabichi tunaowanunua Mwaloni Kirumba, pamoja na mboga na matunda. Chakula hicho kikishapikwa na kuuzwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa, kiwe cha mgahawani au cha harusini, kinatozwa kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Aliyesajiliwa huruhusiwa kuondoa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake katika kodi aliyokusanya kwa wateja, ili serikali itoze thamani aliyoiongeza yeye peke yake. Tatizo ni kwamba samaki aliyesamehewa hana kodi ya kuondoa. Kwa hiyo mpishi hupunguza ile ya soda na maji ya chupa, kisha analipia asilimia 18 ya karibu bei yote, pamoja na thamani ya samaki ambaye Bunge lilikusudia asitozwe.

Chukueni harusi ya watu 400 kwa shilingi 25,000 kila mmoja, yaani milioni 10 kabla ya kodi. Tuseme nusu yake ni samaki, mbuzi, ndizi na mboga. Nikileta kila kitu mwenyewe, kodi ninayoidai kamati ni milioni 1.8. Kamati ikienda yenyewe sokoni na kunilipa milioni 5 za upishi na uhudumu, kodi ni laki 9. Tofauti hiyo ya laki 9 haitokani na mlo wala na faida yangu. Inatokana na nani aliyenunua vitu sokoni. Matokeo yake tunayaona: kamati zinakimbilia kununua zenyewe, wanakamati wanahangaika alfajiri kutafuta samaki ilhali hawajui kumkagua, na chakula kikiharibika hakuna wa kuwajibika. Kwa kazi inayolisha mamia ya watu kwa siku moja, jambo hilo linaniumiza kuliko hata fedha zenyewe.

Mchangiaji, mhasibu, Nyamagana

Dada yangu, hesabu yako ni sahihi, lakini naomba tupime inawagusa wangapi. Tangu Julai 2023 mfanyabiashara halazimiki kujisajili mpaka mauzo yake yafike shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango ambacho awali kilikuwa milioni 100. Kwa mfano wako, hizo ni harusi 20 za milioni 10. Mama lishe wa Mwaloni na mpishi wa harusi za mtaani wako nje kabisa ya VAT, nao hulipa kodi ya mapato kwa utaratibu wao. Mwenye mgahawa lazima auze karibu shilingi 550,000 kila siku ya mwaka ndipo afike hapo. Tukiwapunguzia waliovuka mstari huo, tunawapunguzia wakubwa.

Wengi wanaoleta hoja kama hii huishia kudai kiwango kishushwe. Ufaransa ilijaribu: Julai 2009 kodi ya migahawa ilishushwa kutoka asilimia 19.6 hadi 5.5, na bei kwa walaji zikapungua kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya nafuu ilibaki kwa wenye migahawa. Ilipofika 2014 kiwango kilikuwa kimerudishwa hadi asilimia 10. Sioni kwa nini wenye migahawa wa Mwanza wafanye tofauti.

Mchangiaji, mwanakamati wa harusi, Igoma

Mimi nasema upande wa mlipaji. Kinachotugombanisha na wapishi ni bei inayotajwa kikaoni bila kodi, kisha VAT inaibuka siku ya malipo wakati michango imeshapangiwa kazi. Hapo ndipo mtu anaanza kuambiwa kuna bei ya risiti na bei isiyo na risiti. Nayapinga mambo yote mawili. Mpishi aliyesajiliwa aandike bei kamili tangu mwanzo: anayetaja milioni 11.8 mapema anaheshimika kuliko anayetaja milioni 10 kisha akaongeza.

Mtoa hoja

Kaka wa Igoma, nakubaliana nawe bila sharti lolote, na hiyo bei isiyo na risiti ni wizi wa mali ya umma.

Kwako kaka mhasibu: sijaomba kiwango kishushwe, na mfano wa Ufaransa ndio unaonizuia kuomba. Ninachoomba ni kwamba mpishi aliyesajiliwa aruhusiwe kuhesabiwa punguzo kwa chakula kibichi alichonunua, kana kwamba kililipiwa sehemu ya kodi. Ufilipino wanao utaratibu wa namna hiyo: wasindikaji wa dagaa wa kopo na wa maziwa, miongoni mwa wengine, hukadiriwa punguzo la asilimia 4 ya thamani ya mazao ya msingi wanayoyanunua kwa kazi hiyo.

Najua utauliza ushahidi wa manunuzi utatoka wapi, kwa kuwa mchuuzi wa samaki Mwaloni hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Swali hilo ni zito, nami nisingependa mlango wa risiti za kughushi ufunguliwe. Napendekeza punguzo liwe na ukomo, kwa mfano lisizidi theluthi moja ya mauzo ya chakula, na litolewe tu kwa manunuzi yaliyolipwa kwa benki au kwa simu, ambayo yanaacha kumbukumbu. Na kuhusu wakubwa, mpishi aliyefikisha harusi 19 leo ana sababu ya kukataa ya 20, au kuigawa kwa jina la ndugu yake, kwa kuwa hiyo moja itampandishia bei ya zote zinazofuata mbele ya jirani asiyesajiliwa. Nikuulize wewe unayekagua vitabu vyao: ukomo wa theluthi utatosha kumfanya aipokee hiyo ya 20 kwa jina lake?