Seli nyekundu haina kiini, sasa himoglobini inatengenezwaje?

KijanaWaMajengo (Moshi)
Habari zenu wakuu. Nipo form six PCB, mdogo wangu ana siko seli. Kliniki daktari katuambia shida yote ni herufi moja tu kwenye DNA, hapo ndo nimekwama, maana tumefundishwa seli nyekundu haina kiini na DNA inakaa kwenye kiini, sasa hiyo herufi inasomwa wapi? Na herufi moja inamlazaje mtoto kwa maumivu namna ile? Halafu mbona alipokuwa kichanga alikuwa mzima kabisa? Naombeni mtu anieleweshe, notisi ninazo.

maabara_Arusha
Pole sana kwa mgonjwa mdogo wangu. Kiini kilikuwepo. Seli nyekundu inazaliwa kwenye uboho wa mfupa ikiwa na kiini chake, jeni ya beta globini (aina moja ya minyororo inayounda himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni) ipo kromosomu ya 11, inanakiliwa kuwa RNA, vipande viwili vya katikati vinakatwa na ncha zinaungwa, ndo mRNA, yaani nakala yenye maelekezo, inatoka kwenda kwenye ribosomu, mashine ya kujenga protini. Seli inajilimbikizia hizo mRNA halafu kiini inakitupa nje na bado inaendelea kujenga himoglobini kwa zile zilizobaki. Tukipaka rangi ya bluu tunaziona kabisa hizo seli changa, zina nyuzinyuzi ndani, ni ribosomu na RNA, tunaziita retikulosaiti. Kwa mwenye siko seli zinakuwa nyingi mno, maana seli ya kawaida inaishi kama siku 120 na yake siku 10 mpaka 20, uboho haupumziki.

Mwl_wa_Bios
Naongezea la herufi. Ribosomu inaanzia herufi AUG na inasoma tatu tatu, kila tatu tRNA (RNA ndogo ya kubeba) inaleta amino asidi yake, yaani tofali la protini, mpaka ifike kwenye tatu za kusimama. Mnyororo wa beta una amino asidi 146. Ya 6 inatakiwa GAG, yaani glutamiki, kwa mdogo wako imeandikwa GUG, inakuja valini. Ribosomu haijakosea, imesoma kilichoandikwa. Sasa glutamiki ina chaji na inapatana na maji, valini inakwepa maji, na ipo upande wa nje wa molekuli! Himoglobini ikishaachia oksijeni ile valini inajichomeka kwa jirani, zinaungana nyuzi ndefu ngumu, seli inapinda na kuziba mishipa midogo, maumivu yanatoka hapo. Vernon Ingram ndiye alionyesha hiyo tofauti ya amino asidi moja, Cambridge, 1957.

KijanaWaMajengo (Moshi)
Asante mwalimu. Ila kuna sehemu nimeona wameandika ya 7 siyo 6??

Mwl_wa_Bios
Hao wamehesabu na methionini ya AUG. Inakatwa mapema, ndo maana wengine hawaihesabu. Ni ileile.

mama_Njiro
Mwanangu naye anayo, la kichanga nijibu mimi. Tumboni mtoto hatumii beta sana, anatumia gama, mnyororo mwingine wa himoglobini, ina jeni yake nyingine ambayo haina hilo kosa. Akizaliwa gama inazimwa taratibu na beta inashika nafasi, ndo maana dalili zinaanza kuonekana kwenye miezi sita hivi. Na gama haijafutwa, imezimwa tu! Dawa ya haidroksiurea inasaidia kuirudisha kiasi, muulize daktari kama inamfaa. Uingereza Novemba 2023 waliidhinisha tiba inayohariri jeni kwenye seli za uboho ili gama iwake tena. Na hii baridi ya Juni Julai huko Moshi mvalishe vizuri, anywe maji ya kutosha, baridi inaamsha maumivu.

KijanaWaMajengo (Moshi)
Mungu akubariki mama. Je na mimi ambaye siumwi nipime?

maabara_Arusha
Pima. Kama baba na mama wote ni wabebaji, yaani wana jeni moja yenye kosa na moja nzima, na wewe huumwi, uwezekano wa kuwa mbebaji ni 2 kati ya 3. Omba kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kinatenganisha aina za himoglobini, na mchumba ukimpata naye apime.