Naomba ushauri: bibi harusi wetu na piko

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu mjini. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na anataka maua ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, mikononi na miguuni. Shida ni kwamba Idi iliyopita alipakwa piko, usiku akawashwa, halafu malengelenge yakatoka kwa kufuata mchoro wenyewe, jani kwa jani. Alama hafifu bado ziko nyuma ya mkono.

Nimesoma pakiti ya piko ya mpaka hina, fundi wetu wa kuchora: ni rangi ya nywele, ina PPD, kemikali ya kutia weusi. Ulaya kemikali hiyo inaruhusiwa kwenye rangi za nywele, isizidi asilimia 2, si kuchorea ngozi. Wa duka la dawa kasema ngozi ikishaikataa, mara ya pili huweza kuwa mbaya zaidi. Mpaka hina anataka amjaribu kidogo nyuma ya sikio. Mimi silitaki hilo. Shangazi ndiye hasikii kabisa, ati harusi bila piko ni harusi gani!

Tumejaribu hina ya majani kwa ndimu na mafuta ya karafuu, ikalala usiku kucha. Imetoka hudhurungi nzuri, ila kwa mbali maua hayaonekani.

Naomba kujua: wapaka hina wa hapa au Malindi hufanyaje hina tupu ikoze zaidi? Na saluni wanataka kumtia nywele rangi nyeusi wiki hiyo hiyo. Je, kwa aliyewahi kutoka malengelenge, hiyo nayo tuikatae?