Corolla 100: nikikanyaga breki, dashibodi inawaka

Kijana wa Tabata: Wakuu, habari za jioni. Wiki mbili zilizopita nilichukua Corolla 100 ya 1994 kwa mzee mmoja jirani. Injini imetulia, bodi safi, nikajua nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Sasa jana usiku shemeji alikuwa nyuma yangu na bodaboda, akapiga simu: "Breki yako ya kulia mbona kama mshumaa?" Kuangalia vizuri, taa zote nikiwa nimezima, nikikanyaga breki dashibodi inawaka, na kitaa cha namba nacho kinawaka. Nikiachia, giza. Fundi anasema waya zote za nyuma zing'olewe, laki na nusu. Nilichogusa mimi ni globu ya kulia tu, ilikuwa imeungua. Mpya ilikaza kidogo kuingia, nikaisukuma ikakubali.

Fundi Waya: "Nikaisukuma ikakubali." Hahaha. Mkuu, laki na nusu yako weka mfukoni. Chomoa hiyo globu uitazame kitako: ina kidoti cha risasi kimoja au viwili? Hapo inatakiwa ya nyuzi mbili, wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo za paking, na vipini vyake vya ubavuni havilingani kimo. Ya kidoti kimoja ni ya indiketa. Ukiilazimisha, kile kidoti kinagusa ncha zote mbili za soketi, umeme wa breki unavuka kwenda kwenye paking. Dashibodi na taa ya namba ziko laini hiyohiyo.

Mama Pacha: Na ukifika kwenye H4, globu za taa kubwa za mbele, kioo usikishike kwa vidole. Mafuta ya mkono yakipata moto globu haimalizi mwezi. Mimi nashika na kitambaa. Halafu usidanganywe na za wati 100, soketi yangu iliyeyuka kama ubani.

Kijana wa Tabata: Kidoti kimoja! Leo nimeshuka maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, na ile mbovu mkononi, muuzaji hata hakuuliza gari gani. Ncha moja ya soketi ilikuwa imebonyea, nikaiinua kwa bisibisi, betri nimechomoa. Mwanangu kasimama nyuma anaitikia: "Imewaka… imezima… baba, imewaka tena." Dashibodi kimya. Shemeji anadai vocha.